Spika za Shamsudin na Jiwe la Bi Ashatu

Bi Ashatu aliondoka Bagamoyo asubuhi moja, kikapu mkononi na mswala kwapani, akasema anakwenda Mlingotini kumtazama binti yake Mardhiya. Hakugombana na mtu wala hakununa. Chai alikunywa, mkate wa kumimina alikula, na mkaza mwanawe Yasmini akamsindikiza mpaka kwenye bajaji. Na mwanawe Shamsudin je? Alikuwa chumbani kwake na hedifoni masikioni. Mama alisimama mlangoni kumuaga, naye akampungia mkono. Ndiyo adabu ya siku hizi, mtu anamuaga mama yake kama anafukuza nzi.

Tusimwonee lakini. Shamsudin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na duka lake la vifaa vya ujenzi, hapunji mtu mzani, halali nje, na mtoto wao Amin alikuwa akisoma chuo kwa jasho lake. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, nao ni sauti.

Ulimwanza na kompyuta aliyoiacha Amin alipokwenda chuoni. Shamsudin akajaza humo taarabu na rumba, nyimbo kwa mamia, akaunganisha na sabufa. Mwingine angetosheka hapo, akae alewe na muziki wake. Yeye siku moja akamwita mkewe akamwambia, "Mama Amin, huyu mpiga udi amefungiwa ndani ya debe. Husikii?"

"Nasikia udi," Yasmini akamjibu.

"Umo ndani ya debe!"

Basi tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Sabufa ikatolewa, zikaja spika mbili za mbao, kubwa, ukiikumbatia moja mikono haikutani. Kikaja kisanduku cha kuchomeka kwenye kompyuta, maana ati sauti inayotoka kwenye kompyuta yenyewe ni chafu. Nyimbo zote zikafutwa, zikatafutwa upya zile za faili nzito, kwa sababu nyepesi zimepunguzwa utamu. Spika zikasogezwa mbali na ukuta ili besi isivume, zikapandishwa juu ya matofali zilingane na masikio ya mtu aliyekaa, na chini ya matofali zikatandikwa ndala zilizokatwa vipande ili sakafu isitetemeke. Futi kamba ya Yasmini ya kushonea ikahamia huko, ikapima kutoka kila spika mpaka kwenye kiti, kushoto sawasawa na kulia. Ukuta wa mawe nao ukaonekana una makosa, unarudisha sauti, basi godoro la wageni likasimamishwa ukutani. Mgeni akija alale wapi? Hilo hakuulizwa, na angeulizwa asingejibu.

Na tuseme haki, sauti ikapatikana. Wallahi ilipatikana! Ukikaa kwenye kile kiti ulisikia ukucha ukigusa waya wa udi, na mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kutoa neno. Yasmini mwenyewe, pamoja na dhihaka zake zote, siku moja alisimama mlangoni na mwiko mkononi mpaka wali ukashika chini.

Kikabaki kitu kimoja tu cha kumkera Shamsudin, nacho ni maji ya mama yake.

Chini ya dirisha la chumba kile, upande wa uani, palikuwa na jiwe bapa, na hapo ndipo Bi Ashatu alipokuwa akitawadha kila wakati wa sala. Alikuja na birika lake, akakaa kwenye kigoda, miguu juu ya jiwe. Alisukutua kwa kishindo, akapenga, akakohoa, akasoma dua zake kwa sauti, na maji yalikuwa yakimwagika pale tangu enzi za ujana wake. Ndani, mpiga udi amefika mahali patamu, nje bibi anasukutua. Shamsudin aliuma meno, akavaa hedifoni. Angemwambia nini mama yake, asitawadhe?

Akapata akili, au alidhani amepata. Akamwita fundi, akamjengea mama pa kutawadhia mbali kabisa, nyuma ya jiko, bomba la kufungua na kufunga, chini marumaru nyeupe. Akampeleka kumwonyesha kama mtu anayekabidhi jumba. "Mama, hutainama tena na birika."

Bi Ashatu akatazama bomba, akamtazama mwanawe, akatazama dirisha kule mbali. "Ahsante mwanangu. Mungu akuzidishie," akasema.

Kesho yake adhuhuri akarudi palepale chini ya dirisha na birika lake. Shamsudin akasogeza hedifoni sikio moja, akachungulia nje. "Mama, si nimekujengea kule?"

"Umenijengea, baba. Lakini hapa pana habari yake, Shamsu. Marehemu baba yako..."

"Ndiyo mama, ndiyo mama," akasema Shamsudin, na huku hedifoni inarudi mahali pake. Wimbo ulikuwa haujaisha.

Bi Ashatu akanyanyuka. Akaenda kutawadha kwenye bomba la marumaru siku ile na siku zilizofuata, halafu ndiyo akafunga safari ya Mlingotini.

Shamsudin akapata kimya chake. Alikifaidi siku chache tu. Jua lilikuwa la kiangazi, vumbi uani mpaka kwenye kope, na asubuhi moja akawasha mitambo yake, akakaa kitini, akafumba macho. *Mmmmmmm.* Akafumbua macho. Akapunguza sauti, mvumo upo. Akasimamisha wimbo, mvumo upo. Ulikuwa mdogo, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa, lakini ukishausikia huwezi tena kutousikia. Akagusa boksi la kompyuta, vidole vikatekenywa na umeme, akaruka.

Hapo sasa ndipo alipohangaika. Alibadilisha waya za spika. Alibadilisha ekstensheni. Alihamisha plagi kutoka ukuta huu hadi ukuta ule. Alilishuku friji, akalizima, akasahau kuliwasha, na samaki wa Yasmini wakaharibika.

"Baba Amin," Yasmini akasema, ameziba pua kwa ncha ya khanga, "huyo nyuki wako amekula changu wazima."

Shamsudin hakucheka. Hakuweza kukaa. Alikaa akasimama, alitoka akaingia, dukani akampa mtu misumari ya bati badala ya skrubu, akarudi nyumbani katikati ya mchana ili asikilize kama mvumo bado upo. Upo! Na wakati mwingine, sijui niseme vipi, alikuwa akisimama katikati ya chumba spika zikiwa zimezimwa kabisa, na bado anahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Alijiambia ni masikio yamezoea mvumo. Adhuhuri ikifika anageuka kutazama dirishani. Hakuna mtu. Anarudi kwenye waya zake.

Ndipo Mardhiya alipopiga simu. Alizungumza na Yasmini, na Yasmini akaja chumbani bado ameshika simu mkononi, uso umembadilika.

"Mama anataka kitanda chake," akasema. "Jumamosi shemeji Bilali atakuja na kirikuu kukichukua."

"Kitanda cha nini? Kwao hakuna vitanda?"

"Anataka chake. Kile alichotandikiwa siku ya harusi yake. Huelewi, Baba Amin, au hutaki kuelewa? Kitanda kile kikitoka humu ndani, mama amehama. Hatarudi tena. Atazikwa Mlingotini, na watu wa Bagamoyo watauliza huyu mwanawe alimfanya nini."

Shamsudin alikuwa ameshika koleo, akaiweka chini. "Alisema nimemfanya nini?"

"Hakusema neno. Ndiyo mbaya zaidi. Nenda kamchukue leo."

"Nitakwenda. Nimalize hili kwanza, nikimaliza nitakwenda na kichwa kimetulia."

"Hicho kichwa chako!" Yasmini akasema, akatoka.

Ijumaa ikapita, hakwenda. Aliogopa. Lazima lisemwe, alimwogopa mama yake, yule bibi mwembamba asiyenuna. Angemuuliza nini, naye angejibu nini? Mvumo angalau alijua kuutafuta. Akaendelea kuutafuta, na kila alipogeuka akaona mlango wa chumba cha mama umefungwa.

Jumamosi asubuhi Bilali akafika. Huyu ni mume wa Mardhiya, mtu wa Mlingotini hasa, hubeba samaki kwa kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo, na ana maneno machache. Alisalimu, akanywa kahawa, akavua kofia akaingia chumbani kwa mkwewe. Wakakifungua kitanda yeye na Shamsudin, ubao wa kichwani, ubao wa miguuni, mbavu mbili. Kilikuwa kizito, na kila ubao uliotoka Shamsudin aliona moyo unashuka nao. Walipofika uani na ubao wa kichwani, wamevuka nusu ya njia, mvua ikaanguka.

Haikutangulizwa na manyunyu. Ilimwagika. "Rudisha ndani!" Yasmini akapiga kelele kutoka jikoni. "Mbao za mama zisilowe!" Wakageuka mbio, na mlango wa karibu ulikuwa wa chumba cha Shamsudin, wakajitoma humo na ubao wao, maji yanawatiririka. Wakasimama wakihema, mvua inanguruma juu ya bati la kibanda cha uani. Kisha ikapungua polepole, ikawa matone.

Shamsudin akainua kichwa. Mitambo ilikuwa imewashwa tangu alfajiri, wimbo haupigi, sauti iko juu. Akasogeza sikio kwenye spika ya kushoto, akasogeza kwenye ya kulia. Akagusa boksi la kompyuta kwa kidole kimoja, kwa hofu. Halikumtekenya.

"Umekwisha," akasema.

"Nini kimekwisha, shemeji?" Bilali akauliza.

Shamsudin alikuwa ameshaupandia ule ukingo wa dirisha, mtu mzima na shuka lake kiunoni, akaruka uani. Waya wa ardhini, ule mafundi wanaouita ethi, wa kuteremsha ardhini umeme unaovuja, ulitoka ndani kwenye tundu la ukuta, ukashuka wazi wazi mpaka chini. Aliuona tangu umeme ulipoingia na hakuwahi kuufuata. Akaufuata sasa kwa kidole. Uliteremka nyuma ya jiwe la mama yake, ukafungwa kwenye chuma kinene kilichozama ardhini palepale yalipokuwa yakimwagika maji ya udhu. Sasa palikuwa pamelowa kwa mvua. Pembeni, chini ya ukingo ambako mvua haikufika, udongo ulikuwa mkavu, umepasuka nyufa.

Na yeye, jamani, ndiye aliyekuwa akiwauzia watu vyuma hivyohivyo dukani kwake! Kila mteja alimwambia yeye mwenyewe kwa mdomo wake, "Pakikauka mwagieni maji, bila hivyo hakifanyi kazi." Alijua yote. Alijua, na akamwondoa kwa mikono yake mtu aliyekuwa akimwaga maji hayo kila wakati wa sala, akampeleka nyuma ya jiko kwenye marumaru, akaona amemfanyia hisani.

Akachuchumaa pale, mkono juu ya jiwe, na maneno yakamrudia. *Hapa pana habari yake, Shamsu. Marehemu baba yako...* Kisha nini? Mama alitaka kusema nini? Yeye anayesikia ukucha ukigusa waya wa udi, mama yake alisema naye hatua mbili kutoka dirishani, asimsikie.

"Shemeji," Bilali akaita kutoka dirishani, "kitanda tunakipakia?"

"Kiache hapo kilipo. Nipeleke mimi."

Wakapita njia ya Kaole, barabara matope matupu, kirikuu kinanuka samaki. Shamsudin hakubadilisha hata shuka. Walipofika Mlingotini jua lilikuwa limeshatoka, na Bi Ashatu amekaa barazani kwa Mardhiya na ungo wa mchele mapajani, anachagua chuya. Mardhiya alipomwona ndugu yake amelowa hivyo alitaka kucheka, akatazama uso wake, akaingia ndani kuteleka chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kitanda kiko wapi?"

"Kiko nyumbani. Mvua imenyesha."

"Mvua imekatika."

Shamsudin akakaa chini kwenye sakafu, miguu ameikunja, kama alivyokuwa akikaa zamani akitaka kuchapwa au kusamehewa. "Mama, lile jiwe lina habari gani?"

Vidole vya Bi Ashatu vikasimama ndani ya mchele. "Kimekuleta nini, Shamsu? Mimi, au yale madude yako?"

Angeweza kudanganya. Uongo ulishafika mdomoni, umepambwa. "Nilikuwa natafuta mvumo, mama. Mvumo ndio ulionifikisha kwenye jiwe. Nikakumbuka ulianza kunieleza, nami nikaziba masikio."

"Ulivaa madude."

"Nilivaa."

"Angalau hukunidanganya," akasema Bi Ashatu. "Baba yako angenidanganya." Akauweka ungo pembeni. "Alikuwa na redio, ile kubwa ya mbao. Ilikoroma kumshinda yeye. Fundi akamwambia achimbie chuma ardhini, aifunge nacho, na pale pamwagiwe maji pasikauke. Akachimbia. Haya, maji atamwaga nani? Mimi nilikuwa bibi arusi, hata mwaka sijamaliza humo ndani, naona haya hata kula mbele yake. Akaenda pwani akaleta lile jiwe, amelibeba begani, akaliweka chini ya dirisha. Akaniambia, 'Ashatu, uwe unatawadhia hapa. Redio ipate maji, wewe upate thawabu.'"

Shamsudin alisikiliza. Safari hii alisikiliza.

"Basi natawadha, yeye yumo ndani anazungusha vifungo. Nikimaliza namuuliza, 'Imekaa?' Anajibu, 'Bado! Ongeza kidogo.' Namwaga. 'Imekaa?' 'Bado! Ongeza kidogo.' Birika zima linakwisha. Nakwenda kuchota jingine. Siku moja nikasema, hebu nichungulie redio gani hii isiyoshiba maji." Bi Ashatu akaanza kucheka, akafuta macho kwa upindo wa khanga. "Imezimwa, Shamsu! Redio imezimwa. Ameegemea dirisha, kidevu mkononi, ananitazama mimi."

"Ukamfanya nini?"

"Nilimmwagia maji usoni. Kesho yake nikarudi palepale. Redio ikafa, mwenyewe akafa, mimi nikaendelea. Nikikaa pale namwona. Ukaja umeme wako mpya, fundi akakuta chuma kipo, akafunga hapohapo, nikafurahi, nikasema kazi ya mume wangu haikupotea. Halafu ukanijengea bomba." Sauti ikampungua. "Bomba zuri, sikatai. Lakini nyumba ambayo siwezi kumtaja mume wangu mtu akanisikiliza, mimi nakaa humo nafanya nini?"

Shamsudin aliinamisha kichwa akakiweka gotini kwa mama yake, akalia kwa sauti, mwanamume mwenye mvi, bila kujali Bilali aliyekuwa pale anajifanya anakagua tairi. "Nisamehe mama. Nisamehe."

"Nyamaza. Utanilowesha mchele." Lakini mkono wake ulikuwa juu ya kichwa chake, na haukutoka upesi.

Walirudi Bagamoyo kabla ya alasiri, Bi Ashatu kiti cha mbele, Shamsudin nyuma kwenye matenga ya samaki. Yasmini alikuwa ameshakiunga kitanda peke yake, amekitandika shuka safi, na alipomwona mkwewe anashuka alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Bi Ashatu akachukua birika lake, akalipita lile bomba la marumaru bila kulitazama, akaweka kigoda chake chini ya dirisha. Udongo wa pale ulikuwa umelowa chepechepe kwa mvua ya asubuhi. Hapakuhitaji hata tone. Akatawadha taratibu, akasukutua kwa kishindo, akakohoa, akasoma dua zake, na maji yakateremka juu ya jiwe.

Alipomaliza akasita, birika bado zito mkononi. "Shamsu!" akaita. "Imekaa?"

Chumbani kompyuta ilikuwa imezimwa. Spika zimezimwa, waya zimechomolewa ukutani. Shamsudin ameegemea dirisha, kidevu mkononi.

"Bado, mama!" akasema. "Ongeza kidogo."